Kipimo cha Bega

Wiki saba zilikuwa zimepita tangu Azucena alale kitandani kama watu wengine. Kitanda kilikuwepo, kimetandikwa shuka safi kila Jumamosi, lakini akijinyoosha chali tu, pumzi ilimkatika kana kwamba mtu mzima amemkalia kifuani. Basi alilala ameketi, kwenye kochi la marehemu baba yake pale sebuleni, shingo imepinda, mkono wa kulia kaupakata mapajani kama mtoto wa kuazima.

Kochi lenyewe nalo lilichoka. Juzi springi moja ilipasua kitambaa ikamchoma ubavuni, na mama yake, Doña Ludvina, akaipiga kwa kisigino cha kiatu akitegemea itatii.

"Don Chepe wa karakana ya makochi analeta fundi leo mchana," alisema mama akifunga ushungi wake mweusi. "Umfungulie mlango, umwonyeshe kochi, ukae kimya. Mimi naenda kupima."

Kupima ndiyo iliyokuwa fahari yake. Miaka kumi na minane Doña Ludvina alikuwa akiwapima mabega wanawake wa mji wa Antigua wanaobeba sanamu ya Bikira kwenye maandamano ya Ijumaa Kuu. Kila Kwaresima walipanga foleni katika ukumbi wa Chama cha wabebaji, wakasimama mmoja mmoja kuegemea ukuta, naye akapima kwa futi kutoka sakafuni hadi begani, akaandika tarakimu kwenye kadi. Tarakimu ndiyo iliyokupa nafasi yako chini ya anda, lile jukwaa zito la mbao. Mrefu akichanganywa na mfupi, mzigo wote unamwangukia mmoja na mwingine anatembea tu amegusisha kitambaa. Kwa hiyo hakuna aliyesamehewa kipimo, hata mke wa daktari. Na kila alipomkabidhi mtu kadi yake, Doña Ludvina alisema maneno yaleyale: "Hapo ndipo pako. Usibadilishane na mtu."

Kadi ya Azucena ilikuwa tayari, imechomekwa kwenye fremu ya picha ya Bikira juu ya meza. Upande wa kulia, sentimita mia thelathini na mbili. Siku kumi na tisa zilibaki. Azucena aliitazama kadi ile kila siku, na kila siku ikamtia baridi, maana bega hilohilo la kulia halikuweza hata kuinua kitana.

Mlango ulibishwa saa nane. Alivuta komeo kwa mkono wa kushoto, akafungua, na moyo ukamlipuka.

"Wewe!"

"Fundi wa makochi," alisema Selvin, akiinua sanduku lake la zana. "Nimeambiwa kuna kochi humu linauma watu."

"Don Chepe yuko wapi?"

"Kiuno kimemshika. Nami nilimwambia kisimwachie mpaka jioni."

Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa na vumbi la sponji, na macho yale, Mungu wangu, macho yale ya kahawia yaliyomtazama bila haraka, ndiyo yaliyokuwa yamemkosesha usingizi hata kabla ya ugonjwa. Azucena alitaka kumrukia shingoni. Badala yake alishika mlango.

"Ondoka, Selvin. Niliapa."

"Uliapa nini?"

"Jumatano ya Majivu, mbele ya mshumaa. Sitakuona mpaka nimbebe Bikira."

"Basi fumba macho nifanye kazi."

Kicheko kilimtoka bila ruhusa, na kicheko kile kikamaliza pumzi yote. Aliinama, akavuta hewa kwa mabega, kwa shingo, kwa kila kitu isipokuwa pale inapotakiwa kuvutwa. Selvin aliangusha sanduku. Alimshika kiwiko, akamwongoza taratibu hadi kwenye kochi, na mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Zuce. Tangu lini uko hivi?"

"Tangu baada ya usiku ule."

Hakuhitaji kusema upi. Mkesha wa mwaka mpya alitoroka kwenda kusali na Selvin kwenye kanisa dogo la walokole ambalo baba yake Selvin ni mchungaji. Waliimba, wakapiga makofi, wakashikana mikono chini ya benchi. Wiki tatu baadaye, alfajiri moja, aliamka akipiga mayowe. Kitu kama msumari wa moto kilikuwa kinagongomelewa begani mwake. Maumivu yale yalimtesa nusu mwezi. Yalipopoa, mkono ukabaki hauna nguvu, na pumzi nayo ikaanza kumkimbia kila alipolala.

Daktari wa zahanati alimtazama mara moja, akamsikiliza mama mara tatu, akaamua ni wasiwasi wa mapenzi. Alimpa vidonge vya usingizi. Usiku alipomeza cha kwanza, Azucena aliteleza kwenye kochi akazinduka anatapatapa kama mtu aliyezamishwa mtoni, na tangu hapo hakuvigusa tena.

Mama yake hakuhitaji daktari wa kumweleza. Yeye alijua. Azucena alizaliwa wa miezi saba, amenyamaza, kawa wa buluu. Doña Ludvina aliweka nadhiri palepale kitandani: Bikira akimpa huyu mtoto pumzi, mtoto atambeba kila Ijumaa Kuu mpaka siku atakayofungiwa ndoa altareni. Mtoto akalia. Sasa mtoto kaenda kupiga makofi kwa walokole, na aliyetoa pumzi alikuwa anaichukua. Hesabu ilikuwa nyepesi kiasi kwamba hata Azucena mwenyewe, saa zile za kukaa macho kwenye kochi, aliiona kuwa ya kweli. Ndiyo maana aliapa. Hakufungiwa mlango na mtu. Kiapo chake mwenyewe ndicho kilichomfunga, na mwili wake ukaongeza kufuli.

"Nikuletee maji," alisema, akainuka ili Selvin asione machozi.

"Simama hapohapo. Usigeuke."

"Nini?"

"Mabega yako hayalingani."

"Asante kwa sifa."

"Sifanyi mzaha. Kazi yangu ni kuona kitu kilichoinama." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "La kulia limeshuka. Na ule mfupa wa mgongoni, wa bega, umechomoza nje ya blauzi. Hakuna aliyekuona mgongo?"

"Nani anione mgongo, Selvin? Naoga peke yangu, nalala peke yangu."

Selvin alizunguka akaja mbele yake. Kisha akasema alichokuja kusema, maana kochi lilikuwa kisingizio tu. Shangazi yake Berta alikuwa muuguzi wa wodi ya mapafu kule mji mkuu. Selvin aliyasikia ya Azucena sokoni, vipande vipande, bega, mkono, kulala ameketi, akampigia simu. Shangazi alimuuliza maswali hadi simu ikapata moto.

"Alisema nikuombe ulale chali dakika moja. Nitazame tumbo lako. Mtu akivuta pumzi, tumbo linapanda. La kwako likididimia..."

"Siwezi kulala chali."

"Nitakuwepo."

"Huelewi. Nikilala nakufa kidogo."

"Nitakushika mkono. Ukisema basi, nakuinua. Hata usiposema, nikihesabu kumi nakuinua."

Wakaingia chumbani, na kwa mbali mlima wa moto ulinguruma mara moja kama kawaida yake. Azucena aliketi ukingoni mwa kitanda alichokikimbia wiki saba. Selvin aliweka kigurudumu cha uzi juu ya tumbo lake, juu ya nguo, kwa adabu ya mtu anayeweka yai. Mkono wake mwingine ulikwenda nyuma ya shingo yake. Wakatazamana. Katika macho yale Azucena aliona hofu sawa na yake, na jambo hilo, kwa namna asiyoweza kuieleza, lilimpa moyo. Akajiachia.

Moja. Mbili. Dari likasogea. Tatu. Alivuta hewa, na hewa haikuja. Nne. Kigurudumu cha uzi kilizama kama kitu kilichotupwa kwenye matope. Tano.

Selvin hakufika sita. Alimnyanyua akamkumbatia ameketi, akamwegemeza kifuani kwake, na Azucena akasikia matone ya moto yakimdondokea utosini. Selvin alikuwa analia bila sauti.

"Limedidimia?"

"Limedidimia."

"Maana yake nini?"

"Shangazi anasema kuna ugonjwa wa neva, wa nadra sana. Yeye ameuona mara moja tu maishani. Neva za bega zinaungua zenyewe, hakuna anayejua vizuri kwa nini. Maumivu kwanza, halafu mkono unalegea. Na mara chache sana inaguswa hata ile neva ya msuli ulio chini ya mapafu, unaovuta pumzi. Anasema huenda sio. Lakini tumbo likididimia uletwe haraka, na usibebe kitu. Hata ndoo."

"Wanapona?"

"Wengi. Polepole. Mwaka, miaka miwili. Wengine si kabisa."

Miaka miwili. Azucena aliyaacha maneno yamwingie. Halafu akauliza lile moja aliloogopa kuuliza hata katika sala.

"Kwa hiyo si adhabu?"

"Zuce, Mungu angetaka kukuadhibu kwa kunipenda mimi, angeanza na macho yako. Ndiyo yaliyokosea."

Alitaka kucheka akakumbuka pumzi. Akalia badala yake, paji la uso likiwa shingoni mwa Selvin, pale panaponuka gundi na mkate wa asubuhi.

"Basi la kwanza la mji mkuu linaondoka saa kumi na moja alfajiri," alinong'ona Selvin. "Twende kesho."

"Na mama?"

"Mwachie barua."

"Nikiondoka na wewe kwa barua, atakaa humu maisha yake yote akiamini nimeiuza pumzi aliyoniombea. Nikibaki, Ijumaa Kuu naingia chini ya anda." Alifumba macho. "Kokote nikigeuka kuna ukuta, Selvin."

Hawakusikia ufunguo. Walichosikia ni mkoba ukianguka sakafuni.

"Kitandani!" Doña Ludvina alisimama mlangoni, ushungi umemteleza mabegani. "Nyumbani mwangu! Kwaresima!"

"Doña Ludvina, naomba nieleze..."

"Wewe utaeleza nini? Nimeagiza fundi wa kochi, hiki ni kitanda! Tena una kiatu juu ya zulia langu!"

Selvin alisogeza kiatu. "Binti yako anaumwa, Doña."

"Najua anaumwa. Najua na aliyemtia ugonjwa. Alikuwa mzima kama embe mpaka ulipomtia kwenye lile banda lenu la makelele."

"Ni neva. Shangazi yangu ni muuguzi, anasema..."

"Shangazi yako naye mlokole?"

"Mkatoliki, Doña. Alinuna mwaka mzima baba alipookoka."

Hilo lilimkatiza Doña Ludvina kidogo, lakini kidogo tu. Alipoanza tena sauti ilikuwa chini, nayo ilikuwa mbaya zaidi kuliko kelele.

"Wewe hukuwepo. Mimi nilimshika mkononi akiwa baridi. Wakunga walishageuza nyuso. Niliomba, na akapumua. Hakuna shangazi aliyempa pumzi ile. Sasa siku kumi na tisa zimebaki, atambeba Bikira, na atapona. Na wewe sitaki kukuona mpaka nife, na hata nikifa usije mazikoni."

"Akiingia chini ya anda hatatoka mzima."

"Nyamaza!"

"Basi nitabeba mimi." Selvin alisimama. "Anda ya wanaume, ya Bwana Yesu. Badala yake. Baba atanifukuza nyumbani, na kanisani watanifuta jina, lakini nitabeba. Nadhiri itatimia?"

Azucena alimtazama kijana huyu ambaye tangu utoto alifundishwa kwamba kupigia magoti sanamu ni kujitupa motoni, akampenda mpaka akaumia. Na papo hapo akajua hataki.

"Hapana," alisema. "Hakuna atakayejivunja mgongo kwa ajili yangu. Wala wewe, wala mimi." Aliinuka taratibu, akaenda sebuleni akishikilia ukuta, akachomoa kadi kwenye fremu ya picha, akaiweka mezani. Wote wawili walimfuata kama wanaoitwa.

"Mama, kipimo changu cha mwaka huu ni ngapi?"

"Unakijua. Mia thelathini na mbili."

"Ulinipima lini?"

Doña Ludvina aliurudisha ushungi kichwani.

"Mke wa daktari umempima," alisema Azucena. "Umempima Doña Otilia mwenye miaka sabini, ambaye hajakua wala hajapungua. Mimi ulinipima lini?"

"Wewe ni mwanangu. Nakujua. Niliandika ule wa mwaka jana."

"Nipime."

"Azucena..."

"Futi iko kwenye mkoba wako. Nipime kama unavyowapima watu baki."

Alivua viatu, akasimama kuegemea ukuta, visigino vimegusa. Doña Ludvina aliitoa futi kwa mikono iliyozoea. Alianza kushoto, pengine kwa kuogopa. Alisoma: mia thelathini na mbili. Pumzi ya ahueni ilimtoka, akamtazama Selvin kwa jicho la ushindi. Kisha akahamia kulia.

Alisoma, akakunja uso. Alimrekebisha Azucena miguu. Akapima tena. Akaenda dirishani kuitazama futi kwenye mwanga, kana kwamba kosa ni la futi, akarudi, akapima mara ya tatu.

"Mia ishirini na nane," alisema.

Doña Ludvina alipitisha kiganja nyuma ya bega la bintiye, vile vidole vilivyogusa maelfu ya mabega, na vilipoukuta ule mfupa umechomoza na nyama yake imenyauka, vilisimama.

"Huu umetoka lini?"

"Sijui, mama. Sijioni mgongo."

"Mia nne na kumi," alisema Doña Ludvina. Alikuwa anasema peke yake. "Mabega mia nne na kumi nimeyashika mwezi huu. La kwangu sikuligusa."

Aliketi kwenye kochi. Springi ilimchoma, hakushtuka. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, naye hakuyafuta.

"Mtu akija ukumbini na bega kama hili," alisema, "namrudisha nyumbani. Sitaki hata sababu. Namwambia dada, rudi nyumbani."

"Basi nirudishe."

"Ndiyo..."

"Mimi niko nyumbani tayari, mama. Wiki saba. Utanirudisha wapi?"

Doña Ludvina alimtazama bintiye kama anayemwona kwa mara ya kwanza tangu Januari: macho yaliyozama, shingo iliyokakamaa kwa kuvuta hewa, mkono ule uliopakatwa. Kisha akageuza uso kwa picha ya Bikira, akaitazama kitambo.

"Na nadhiri?" aliuliza Azucena kwa sauti ndogo.

"Nitaongea naye mwenyewe. Yeye naye ni mzazi." Alijifuta uso kwa ushungi. Alipogeuka kwa Selvin, sauti ilikuwa imerudi ile ya ukumbini. "Basi la kwanza ni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, Doña."

"Saa nzima na zaidi barabarani, na makona yale. Akiteremka kwenye kiti pumzi itakata. Ataegemea nini?"

"Mimi."

"Wewe nani? Kaa pale kwenye kigoda. Nyoosha mgongo."

Selvin aliketi, kanyooka kama mwanafunzi. Doña Ludvina alipima kutoka kwenye kigoda hadi begani mwake. Alimketisha Azucena kando yake, akapima kutoka kwenye kiti hadi shavuni. Akalinganisha vidole juu ya futi, midomo ikihesabu. Azucena alijaribu. Aliinamisha kichwa, shavu likakaa juu ya bega lile bila kutafuta, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi shingo yake ikaacha kufanya kazi. Kope zilikuwa nzito. Hakuwa amepona. Kifua kilikuwa kilekile, na usiku ule angelala tena kwenye kochi.

"Kochi umalize kabla hujatoka," alisema Doña Ludvina. "Nasi tutakuwa watatu kwenye hilo basi, usijidanganye. Mimi nakaa nyuma yenu."

"Ndiyo, Doña."

Doña Ludvina alichukua kadi mezani. Alifuta mia thelathini na mbili kwa mstari mmoja. Chini yake aliandika kitu kwa penseli, polepole, akiuma ulimi kama afanyavyo siku zote, kisha akamkabidhi Selvin. Ilikuwa imeandikwa jina lake, sentimita hamsini na tisa kutoka kitini hadi begani, upande wa kushoto wa Azucena.

"La kulia lisiguswe," alisema. "Hapo ndipo pako. Usibadilishane na mtu."